Mtoto wa Miaka 12 na Mabilioni ya Ligi Kuu



Mwezi Mei 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania na Azam Media walitia saini mkataba wa haki za kuonyesha Ligi Kuu Bara kwenye televisheni. Muda wake ni miaka 10, thamani yake shilingi bilioni 225.6. Kwa ligi ambayo msimu wa 2018/19 ilichezwa bila mdhamini mkuu, klabu zikiishi kwa kuungaunga, ile ilikuwa habari kubwa, na wote waliohangaika kuifanikisha wanastahili shukrani zetu.

Naomba leo tuupime mkataba ule kwa umri wa mtoto. Aliyekuwa na miaka 12 siku unasainiwa atakuwa na miaka 22 utakapokwisha mwaka 2031. Umri wa miaka 12 nimeuchagua kwa sababu ndipo kanuni za FIFA zinapoanza kuhesabu malezi ya mchezaji. Mkataba wote huo, tangu mwanzo hadi mwisho, unapita juu ya kichwa cha mtoto mmoja anayekua. Swali langu ni kwamba katika mabilioni hayo, yeye amefikiwa na nini?

Tuanze na fedha zenyewe, maana watu wengi wanazitaja bila kuzigawanya. Bilioni 225.6 kwa miaka 10 ni wastani wa bilioni 22.56 kwa mwaka. Tuseme zote zingekwenda kwa klabu 16 kwa usawa, jambo ambalo halifanyiki, kila klabu ingepata takriban bilioni 1.4 kwa mwaka. Oktoba 2021 Benki ya NBC ikaingia kama mdhamini mkuu, na mwaka 2023 ikasaini tena kwa miaka mitano, bilioni 32.6, safari hii Ligi ya Championship na ligi ya vijana wa chini ya miaka 20 zikiwemo. Hilo la vijana lilipita kimyakimya kwenye magazeti. Mimi naliona ndilo jambo la maana kuliko yote yaliyoandikwa kwenye mkataba ule.

Sasa linganisheni. Mwaka 2022 Simba ilisaini na M-Bet mkataba wa miaka mitano wa bilioni 26.1, yaani zaidi ya bilioni 5 kwa mwaka kutoka kwa mdhamini mmoja. Mwaka huohuo Yanga ilisaini upya na SportPesa, bilioni 12.3 kwa miaka mitatu. Hapo hujagusa viingilio vya Uwanja wa Benjamin Mkapa, hujagusa jezi, hujagusa fedha za CAF. Watani hawa wawili wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga mwaka 2023 na Simba mwaka 2025, na huko nako kuna mgao wake. Siwalaumu kwa kuwa wakubwa. Ukubwa wao ndio unaoiuza ligi. Lakini lazima tuuone umbali uliopo kati yao na klabu inayocheza mechi ya nyumbani mbele ya watu mia nne, katikati ya wiki, saa nane mchana juani.

Ingieni nami kwenye hesabu za klabu kama hiyo. Mwezi mmoja una mechi mbili za ugenini, moja Bukoba na nyingine Kigoma. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,300. Basi linaondoka alfajiri, timu inalala njiani, inafika na miguu imevimba. Unalipa mafuta, dereva, hoteli ya watu 30, chakula, maji, posho ya kambi, dawa za kuchulia. Kisha mishahara. Kisha lile deni la fedha za usajili, kwa sababu mchezaji aliahidiwa milioni kadhaa asaini, akapewa nusu, na nusu nyingine inasubiri mgao wa televisheni. Mgao ukiingia Jumatatu, Jumatano umeisha. Mtunza hazina anabaki na vocha mkononi na simu inayoita, na anayepiga ni meneja wa mchezaji.

Katika hali hiyo ukimwambia mwenyekiti atenge fedha kwa ajili ya watoto wa miaka 13, anakuangalia kama umetoka mwezini. Nami namwelewa. Yeye anahukumiwa kwa msimamo wa ligi wa wiki hii. Mtoto wa miaka 13 atamfaa mwenyekiti wa tatu baada yake.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tatizo la vijana ni moyo wa uzalendo kupungua. Ni hesabu. Mfumo wetu wa fedha unamlipa anayenunua mchezaji aliyekwisha kuiva na kumwadhibu anayelea. Klabu inatumia miaka minne kumfundisha kijana kupokea mpira na kugeuka, kisha kubwa zaidi inakuja dirisha dogo na kumchukua kwa nauli na jozi ya viatu. Baada ya hapo klabu ndogo inajifunza, na inachojifunza ni kuacha kulea. Klabu inayonunua tu ni kama nyumba inayokula kwa mama ntilie kila siku wakati shamba lao limeota magugu. Siku mshahara ukichelewa, njaa inaingia mlangoni.

Na mshahara huchelewa. Jirani zetu Kenya wamelipitia hilo kwa maumivu. Mwaka 2017 SuperSport ilivunja mkataba wake wa kuonyesha Ligi Kuu ya Kenya baada ya ligi kupanuliwa kutoka timu 16 hadi 18. Mwaka 2019 SportPesa, iliyokuwa inaibeba ligi pamoja na Gor Mahia na AFC Leopards, ikafunga shughuli zake huko kutokana na mgogoro wa kodi na leseni. Mwaka 2020 BetKing ikaja na ahadi ya miaka mitano, ikaondoka baada ya msimu mmoja. Klabu zenye historia ndefu na mashabiki wa kila mtaa zikajikuta zinachangisha nauli ya kwenda ugenini. Gor Mahia waliopokea wageni wa Ulaya miaka michache kabla wakawa wanasikika kwa habari za wachezaji wasiolipwa.

Sisi nasi tumeonja. Novemba 2021 kampuni ya GSM ilitangazwa mdhamini mwenza wa ligi yetu, na Februari 2022 ikajitoa, baada ya Simba kukataa kuvaa nembo yake. Miezi mitatu tu. Klabu zilizokuwa zimeshaiweka fedha ile kwenye bajeti zilifanya nini? Zilibaki na pengo.

Nina jambo lingine kuhusu wadhamini, na nitalisema wazi. Sehemu kubwa ya fedha za udhamini wa klabu zetu kubwa inatoka kwenye kampuni za kubashiri. Ni kampuni halali na zinalipa. Lakini kijana wa miaka 15 aliyevaa jezi ya timu ya watoto yenye nembo ya kamari kifuani anafundishwa mambo mawili kwa pamoja, na moja kati ya hayo litamharibia maisha. Timu zote za chini ya miaka 18 zivae jezi zisizo na nembo hizo, na Bodi ya Ligi iandike hivyo kwenye kanuni. Hilo halina gharama hata ya shilingi.

Turudi kwenye malezi. Si kweli kwamba hatuna kitu. Azam FC walipopanda Ligi Kuu msimu wa 2008/09 walijenga uwanja na kituo Chamazi, na msimu wa 2013/14 walichukua ubingwa bila kupoteza mechi. Novatus Dismas alikulia kwenye kituo hicho, akaenda Israel, Ubelgiji, Ukraine hadi Uturuki. Kule Turiani, Mtibwa Sugar, mabingwa wa 1999 na 2000, wameendelea kulea vijana kwa miaka yote hiyo na wamekuwa mabingwa wa ligi ya vijana zaidi ya mara moja. Mwaka 2024 timu yao ya wakubwa ilishuka daraja. Nilihuzunika sana. Hakuna klabu nchini iliyozilisha nyingine kwa uaminifu kama ile ya mashamba ya miwa, na kwa miaka mingi ililipwa shukrani tu.

Wasichana nao wametuonyesha njia ambayo hatutaki kuisoma. Mwaka 2022 Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India. Mwaka uliofuata, mjini Durban, wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa Afrika wa mashindano ya shule ya CAF, na zawadi ya ubingwa ule ilikuwa dola 300,000. Shule yenye watoto wanaolala bwenini, wanaokula kwa wakati na kufundishwa na walimu wa kudumu ilipata kwa shindano moja fedha ambazo klabu kadhaa za Ligi Kuu hazipati kwa mdhamini wa jezi. Watu wakashangilia, wakapiga picha uwanja wa ndege, kisha tukarudi kuzungumzia usajili wa mshambuliaji kutoka nje.

Sasa nifike kwenye kiini cha mhadhara wangu, nacho ni karatasi.

Kanuni za FIFA zina mafungu mawili ya fedha kwa walezi. La kwanza ni fidia ya mafunzo. Kijana akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, au akihamia nchi nyingine kabla ya kuisha mwaka anaotimiza miaka 23, klabu mpya inawalipa waliomlea. Kwa Ulaya kiwango kinaanzia euro 10,000 kwa mwaka kwa klabu za daraja la chini kabisa, kisha 30,000, 60,000, hadi 90,000 kwa zile za daraja la juu. Mchukueni kijana aliyelelewa na klabu ya Tanga tangu miaka 16 hadi 19, kisha akasajiliwa na klabu ya Ulaya ya daraja la tatu kwa viwango hivyo. Miaka mitatu mara euro 30,000 ni euro 90,000, zaidi ya shilingi milioni 200. Hizo zinalipwa hata kama kijana mwenyewe aliondoka bure.

Fungu la pili ni mchango wa mshikamano. Kila mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja, na kila mwaka wa umri wa 16 hadi 23 una nusu ya asilimia. Mchezaji akiuzwa euro milioni 10, klabu iliyokaa naye mwaka mmoja tu, ule wa miaka 17, inadai euro 50,000. Na inadai tena akiuzwa mara ya pili, na ya tatu, hadi atakapotundika daluga.

Mfikirieni Mbwana Samatta. Kutoka Mbagala alipita African Lyon, akaja Simba, na mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Januari 2016 akahamia Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akauzwa Aston Villa ya Uingereza. Alikaa Lubumbashi tangu akiwa na miaka 18 hadi 23, hivyo kwa kanuni hiyo karibu nusu ya fungu la mshikamano la uhamisho wa 2020 ni haki ya Mazembe. Miaka ya kabla ya hapo ni ya Dar es Salaam. Lakini fungu hilo halimfuati mtu kwa sura yake. Linafuata pasi ya mchezaji, yaani kumbukumbu inayoonyesha alisajiliwa wapi, tarehe gani, kwa umri gani. Tangu Novemba 2022 kumbukumbu hizo hukusanywa kwa mfumo wa kompyuta wa FIFA, na taasisi yao maalumu mjini Paris hugawa fedha. Mwaka ambao haukusajiliwa, kwa mfumo ule, ni mwaka ambao mtoto hakuwahi kucheza mpira.

Na hapa ndipo tunapovuja. Nimekaa na kocha wa watoto, mtu wa mchangani, mkoa wa Morogoro. Kumbukumbu zake zote ziko kwenye kaunta buku moja lenye jalada lililofungwa kwa solotepu. Safu ya kwanza ina jina, ya pili tarehe ya kuzaliwa, ya tatu shule, ya nne simu ya mzazi, na ya tano namba ya kiatu, kwa sababu viatu ni vichache na vinazunguka. Mtoto akichukuliwa na timu kubwa, kocha anapiga mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika "ameondoka". Nilihesabu mistari mingi myekundu. Baadhi ya majina yale mnayasikia redioni kila Jumamosi. Katika mfumo wa usajili, malezi ya vijana hao yanaanzia kwenye klabu iliyowachukua wakiwa na miaka 19, na miaka sita ya kocha yule haipo popote.

Zipo pia barua ambazo viongozi husaini bila kuzisoma, za kusamehe fidia. Wakala anakuja na bahasha na maneno matamu, kwamba dili litavunjika klabu isipoachia haki zake. Kiongozi anasaini, anapewa kiasi kidogo cha papo kwa papo, na klabu imeuza miaka yake yote ya kulea. Shirikisho lipige marufuku barua hizo zisiposainiwa pia na mwanasheria wake.

Karatasi zina historia nzito katika soka la vijana wetu. Serengeti Boys walifuzu Fainali za Afrika za chini ya miaka 17 zilizofanyika Gambia mwaka 2005, wakaondolewa kwa suala la umri wa mchezaji, na Zimbabwe ikachukua nafasi yao. Miaka 12 baadaye gurudumu liligeuka. Congo Brazzaville ilitutoa kwa goli la ugenini, lakini ilishindwa kumleta mchezaji wake kupimwa umri, na Februari 2017 CAF ikaiondoa. Tukaenda Gabon, tukatoka sare na Mali, tukaifunga Angola 2-1, tukafungwa na Niger 1-0 na kurudi nyumbani. Kizazi kimoja kilinyimwa safari na karatasi, kingine kikapewa safari na karatasi. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kikiwa sahihi na kikiingizwa kwenye mfumo akiwa na miaka 12, kinamlinda yeye, klabu yake na taifa.

Kwa hiyo nasema tufanye hivi. Kabla mgao wa televisheni haujagawiwa klabu, ukatwe fungu la malezi. Napendekeza asilimia 10. Fungu hilo lisiende kwa klabu kwa sababu tu iko Ligi Kuu. Liende kwa hesabu ya watoto waliosajiliwa, wanaocheza mechi, wenye kocha mwenye leseni anayelipwa kwa mkataba. Klabu ya Championship au shule yenye watoto 60 iliyowaandikisha ipate zaidi ya klabu ya Ligi Kuu isiyo na hata mmoja. Asilimia 10 ya bilioni 22.56 ni zaidi ya bilioni 2 kwa mwaka. Hapo mwenyekiti niliyemtaja atakuwa na sababu ya kifedha ya kumpenda mtoto wa miaka 13, msimu huuhuu.

Mechi za watoto zichezwe kwa kanda. Hakuna haja ya mtoto wa Tanga kupanda basi kwenda Mbeya. Tanga, Kilimanjaro na Arusha wanatosha kuchezeana mwaka mzima, Jumamosi asubuhi, kwenye viwanja vya shule. Mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, tunayo tayari. Shida ni kwamba yanakusanya watoto wiki chache kwa mwaka, yanawaonyesha, kisha kila mmoja anarudi kwao na hakuna aliyeandika jina lake. Ofisa usajili wa mkoa akae kwenye mashindano hayo na kompyuta yake tangu siku ya kwanza.

Nitaulizwa kuhusu wageni. Kanuni zetu zinaruhusu klabu kusajili wachezaji wa kigeni 12, na wengi wanataka wapunguzwe ili vijana wapate nafasi. Mimi sioni tiba hapo. Wageni wazuri wameinua kiwango, na fainali mbili za Afrika haziji hivihivi. Ukimwondoa mgeni bila kuwa na kijana aliyeandaliwa, utamweka mzawa wa miaka 31 kwenye nafasi ile. Lakini klabu isiyo na timu kamili za vijana chini ya miaka 17 na 15 isiruhusiwe kujaza nafasi zote 12. Mwenye kulea na aagize. Masharti ya leseni ya klabu ya CAF yanadai timu za vijana tangu zamani, nasi tunayatimiza kwa kukodi watoto wiki ya ukaguzi. Wakaguzi waje bila taarifa, Jumanne jioni, saa ya mazoezi.

Ipo hoja ya mwisho ambayo mashabiki wananiambia usoni, kwamba wao wanataka ushindi sasa. Nawaheshimu, maana ndio wanaolipa kiingilio. Nawakumbusha tu ASEC Mimosas ya Abidjan. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walianzisha akademi yao chini ya Jean-Marc Guillou. Mwaka 1999 waliwapanga vijana wao dhidi ya Espérance ya Tunisia kwenye Super Cup ya Afrika na wakashinda 3-1. Ndani ya kizazi kile walitoka kina Kolo Touré. Walisubiri miaka michache kuliko umri wa mkataba wetu wa televisheni.

Wengi mlio humu ukumbini ni wanachama wa klabu, mna kadi na mnalipa ada. Mkutano mkuu wenu ujao ukifika kwenye taarifa ya mapato na matumizi, mtu asimame aulize mambo matatu. Tuna watoto wangapi wa miaka 12 hadi 15 waliosajiliwa kwenye mfumo, kwa majina? Kocha wao analipwa kutoka kifungu gani? Na ni wachezaji gani walioondoka kwetu ambao bado tunawadai fidia? Katibu akisema atayaleta majibu kwa maandishi, andikeni tarehe aliyoahidi kwenye muhtasari kabla kikao hakijafungwa.